Tundu la Kupumulia

Kitendawili! Mmeitikia kwa sauti ndogo, lakini nitatega hivyo hivyo. Nina mgeni asiyeonekana kwa macho. Akiingia ndani ya unga, unga husimama. Akiingia ndani ya stovu, stovu hunguruma. Akiingia ndani ya gurudumu, hubeba lori zima na mchanga wake. Lakini ukimfungia mlango asipate pa kutokea, huondoka na ukuta. Ni nani huyo?

Mmesema moshi? Moshi huonekana, tena huliza watu. Maji? Maji hayajawahi kusimamisha lori, hulizamisha tu. Haya, mmeshindwa, nipeni mji. Mombasa sitaki, kuna joto. Kisumu nimekwisha kupewa mara nyingi. Nipeni Kibera, na juu yake mniongezee Kawangware. Sasa nimefika, nimepumzika, nawaambia: mgeni huyo ni hewa. Hewa hii hii tunayoivuta bure bila kumshukuru mtu.

Wahenga walinena kwamba ngoma ikivuma sana haikawii kupasuka. Maana yake ni kwamba jambo lolote likipita kiasi chake, hata kama ni jema, hata kama watu wanalishangilia, limekwisha kuanza safari ya kuharibika. Wako wanaodhani methali hii iliwekwa kwa ajili ya wachezaji wa ngoma peke yao. Si hivyo. Kageha wa Kambi Muru, kule Kibera, aliijua maana yake pasipo ngoma hata moja kupigwa, na gharama aliyolipa kuijua, msimwombee hata adui.

Kageha alikuwa mjane kutoka Maragoli. Mumewe alimleta Nairobi, akamwacha Nairobi, mwenyewe akarudi nyumbani ndani ya sanduku. Watoto wao wawili walichukuliwa na surua. Akabaki mmoja, Shivachi, kijana mrefu mwenye kicheko kikubwa, ambaye Kageha alimtazama kama mtu anavyotazama kibiriti chenye njiti moja siku ya mvua. Akikohoa, mama alikohoa naye. Akichelewa, chakula hakikushuka kooni mwa mama.

Kazi ya Kageha ilikuwa mandazi. Si yale ya unga wa kuumua kwa haraka, yanayovimba usoni na ndani ni mapango matupu. Yeye alikuwa mtu wa hamira. Jioni alichanganya unga, hamira, sukari na maji vuguvugu, akakanda mpaka mikono ikalia, akafunika beseni kwa blanketi kuukuu kana kwamba amelaza mtoto. Alfajiri alipofunua, unga ulikuwa umejaa beseni na kunyanyua blanketi.

"Hamira ni kiumbe," alizoea kumwambia Shivachi alipokuwa mdogo, akichungulia beseni kwa macho ya njaa. "Anakula sukari, anapumua. Ile pumzi yake ndiyo inayonyanyua unga. Sasa tazama."

Alibonyeza unga kwa kidole. Shimo lilirudi polepole.

"Likirudi hivi, uko sawa. Likikataa kurudi, umechelewa. Unga umejivuna kupita kiasi, utaanguka na kunuka uchachu, na hata mbwa hatakula. Kwa hiyo ukiumuka mara ya kwanza, unaupiga ngumi. Pu! Unatoa pumzi, kisha unauacha uumuke tena."

"Kwa nini umpige na hajakosa?" Shivachi aliuliza.

"Ili asije akakosa. Kila kinachovuta pumzi, baba, sharti kitoe."

Hata stovu yake ya mafuta ya taa aliipigia pampu kwa adabu, huku jicho likiwa kwenye ile skrubu ndogo ubavuni. Moto ulipozidi kunguruma, aliilegeza kidogo, nayo ikatoa pumzi ndefu, shhh, kama mzee aliyevuliwa viatu. Mtoto alicheka. Alikua akiyasikia hayo kila siku, na jambo linalosikika kila siku, masikio huligeuza kelele za mvua juu ya mabati.

Shivachi alipokuwa mtu mzima alipata kazi Kawangware, kwenye kibanda cha kuziba pancha kilichokuwa cha Oketch. Oketch alikuwa mtu wa ziwani, mfupi, mwenye kifua kipana na maneno machache. Yeye na mkewe Seline waliishi hapo karibu, Gatina, na binti yao Aluoch. Alimchukua Shivachi hajui kutofautisha kiraka na kibandiko, akamfundisha kazi kama mtu anayemfundisha mdogo wake. Walikula sahani moja. Shivachi alipougua malaria, Oketch alimbeba mgongoni hadi zahanati.

Oketch hakuamini geji, kile kipimo cha upepo. Alisema geji ni kama shahidi wa kununuliwa. Yeye alikuwa na kipande cha nondo. Kila gurudumu lilipojazwa, aliligonga na kuinamisha sikio.

"Likilia ndu, bado lina njaa," alimfundisha Shivachi. "Likilia ndi, limeshiba. Likianza kulia ti, omera, ndugu yangu, acha pampu ukimbie. Hilo si gurudumu tena, ni ngoma."

Siku hizo walijaza kwa pampu ya mguu, na lori moja liliweza kuwatoa jasho la wiki. Ndipo ikaja ile mvua ya mwaka wa tisini na saba, mvua iliyoitwa El Nino, nanyi mliozaliwa baadaye mnadhani ni jina la mchezaji mpira. Ilinyesha kana kwamba mbingu imesahau kufunga bomba. Kibera, matope yaliingia mpaka vitandani. Kageha aliinua kitanda juu ya matofali, mvua nayo ikaongeza kimo kana kwamba wanashindana. Beseni la unga alilitundika darini kwa kamba. Barabara za Kawangware zikawa mashimo matupu, na kila shimo lilikuwa na jiwe linalongoja gurudumu. Malori ya mchanga yalipanga foleni kwenye kibanda cha Oketch.

"Mguu huu hautoshi," Shivachi alisema. "Tutengeneze kompresa."

Wakatengeneza. Shivachi alipata tangi kuukuu la upepo wa breki za lori kwa wauza vyuma vikuukuu, akapata na injini iliyokuwa ikisaga mahindi kabla mwenyewe hajafilisika. Fundi wa kuchomelea aliviunganisha, na juu ya tangi akafunga valvu ndogo ya shaba yenye springi ndani.

"Hii msiiguse," aliwaambia. "Tangi likijaa kupita uwezo wake, hii inajifungua na kutoa upepo. Itapiga filimbi. Mkisikia filimbi, shukuruni."

Na kweli ilipiga. Kila tangi lilipojaa, valvu ililia fiii, na watoto wa jirani wakaitikia fiii. Oketch aliipenda sana sauti hiyo.

"Mama yake anamwita akapumzike," alikuwa akisema, na kuzima injini kwa muda.

Kageha naye alipokuja siku ya Jumamosi na beseni la mandazi kichwani, kama alivyozoea, aliisikia filimbi kutoka mbali akatabasamu. Alijua mwanawe yuko hai na mashine inatoa pumzi.

Raha ya maskini haimalizi kikombe. Ng'ambo ya barabara kijana aitwaye Tonny alifungua kibanda chake, na kompresa mpya ya dukani, nyekundu, yenye tangi nene. Ilijaza gurudumu la lori kabla dereva hajamaliza kupiga miayo. Malori yakaanza kuvuka barabara moja baada ya lingine.

"Niaje, Shivachi," utingo mmoja alipiga kelele kutoka juu ya mchanga. "Mashine yenu iko na pumu! Inapiga tu fiii, fiii. Ipelekeni hosi!"

"Ama muipake vicks kifuani!" mwenzake akadakia, na barabara nzima ikaangua kicheko.

Oketch alicheka nao. Shivachi hakucheka. Maneno yale yalimchoma kama mafuta ya mandazi yanavyorukia mkono. Kisha akaja Wanzala, msimamizi wa malori ya mchanga, mtu wa tumbo na miwani ya jua hata mvua ikinyesha.

"Sikilizeni, vijana," alisema akiwa bado garini. "Mimi sina kabila wala dini kwa gurudumu. Malori yangu yote nitampa yule anayemaliza haraka. Nawapa wiki hii nione."

Malori yote ya Wanzala! Shivachi aliona mbele yake chumba cha mawe chenye sakafu kavu, na mama yake akiweka beseni la unga mezani kama watu wengine. Hilo ndilo lililokuwa moyoni mwake, na lilikuwa jambo jema. Lakini chini ya jambo jema palikuwa na lingine: alitaka wale matingo wameze kicheko chao.

Asubuhi iliyofuata alitangulia kazini kabla ya Oketch. Akapanda juu ya tangi na spana. Akaifungua valvu, akaitia mfukoni. Mahali pake akafunga bolti, akaizungushia blada, ile mipira wanayokata kutoka kwenye tyubu kuukuu kufungia kila kitu, tangu mizigo ya mkokoteni hadi milango ya vyoo. Akaivuta blada mpaka ikaimba, akapaka sabuni ya kipande mwanya wa mwisho ulipokuwa. Akawasha injini. Mashine ikajaa, ikaendelea kujaa, kimya.

Siku hiyo magurudumu yalijaa haraka kuliko ya Tonny.

Oketch alifika, akasimama, akakuna kichwa. "Omera, filimbi iko wapi?"

"Pumu imepona," Shivachi alijibu akicheka. "Nimekaza springi kidogo tu."

Oketch aliinua macho kutazama juu ya tangi, lakini wakati huo lori la kwanza la Wanzala lilikuwa linapiga honi, na la pili nyuma yake. Alimwamini Shivachi. Alichukua nondo yake akaenda kazini.

Wiki haikuisha, jina la Shivachi lilikuwa limetanda Kawangware kama harufu ya samaki wa kukaanga. Madereva walimwita Shivachi Presha. Vijana walimpigia saluti. Mchora mabango alimwandikia jina hilo kwa rangi nyekundu ubavuni mwa kibanda, herufi kubwa kuliko mlango. Tonny aliketi ng'ambo ya barabara, mkono shavuni, kompresa yake nyekundu imefunikwa gunia. Wanzala alishuka garini, jambo ambalo halikuwa limewahi kuonekana, akamshika Shivachi mkono mbele ya watu.

Jumamosi Kageha akaja na mandazi. Alipokaribia alitega sikio. Kimya. Injini ilinguruma, lakini filimbi haikulia. Kwanza akadhani labda mwanawe hayupo. Akamkuta yupo, amezungukwa na watu, uso unang'aa kwa jasho na sifa. Kageha alizunguka mashine ile polepole, kama anavyozunguka mtu ng'ombe wa kununua. Akaweka kiganja kwenye tangi. Lilikuwa la moto, na lilikuwa likitetemeka.

"Mwanangu," aliuliza, "hii inapumulia wapi?"

"Mama, hii ni mashine. Si unga."

"Najua si unga. Unga nausikia. Nimeuliza hii inapumulia wapi?"

"Wewe mwenyewe ulinifundisha, usipoziba ufa utajenga ukuta," Shivachi alisema kwa sauti ya kusikiwa na watu. "Basi nimeziba."

Watu wakacheka. "Mathe, wacha kijana afanye kazi," dereva mmoja alimtania, "wewe tugawie mandazi." Mikono ikaingia beseni. Kageha alitaka kusema kwamba si kila tundu ni ufa, kwamba hata pua ni tundu, lakini hakupenda kumwaibisha mwanawe siku ya furaha yake. Swali lake likabaki likining'inia hewani, halikujibiwa na mtu, na aliporudi Kambi Muru alilikuta limetangulia nyumbani, linamsubiri kitandani.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa na manyunyu. Kageha alipotokea kwenye kona, beseni kichwani, miguu ikiteleza, Shivachi alimwona kutoka kibandani.

"Mama, simama hapo, utaanguka!" alimwita, akavuka barabara kwenda kumpokea.

Kwa hiyo Kageha aliyaona yote kupitia ubavuni mwa mwanawe. Alimwona Oketch akimaliza kugonga gurudumu la lori. Alimwona akigeuka na nondo mkononi. Labda ni mtetemo uliomgutusha, labda ni ile hekima ya mikono isiyongoja kuambiwa. Oketch alinyoosha nondo akaligonga tangi lenyewe. Ti. Sauti nyembamba, safi, kama kengele ya kanisa iliyo mbali. Akainamisha sikio. Kisha akainua uso kumtafuta Shivachi, na kinywa chake kikafunguka kusema neno.

Neno hilo halikutoka. Kilichotoka ni mshindo uliotikisa mabati ya Gatina yote. Tangi lilipasuka kwa upande wa chini, palipokuwa na kutu, likaruka juu ya kibanda likibeba paa. Ubao ulioandikwa Shivachi Presha ulianguka matopeni, uso chini. Mandazi yalimwagika barabarani, na mvua ikayanyeshea.

Oketch hawakuhitaji kumpeleka hospitali.

Tangu saa ile Shivachi hakusema neno. Daktari wa zahanati alimulika masikio yake, akasema yamepigwa na mshindo lakini anasikia. Ulimi wake pia haukuwa na jeraha. Ila hakusema. Kageha alimchukua Kambi Muru, akamketisha juu ya kitanda kilicho juu ya matofali. Hakula. Hakulala. Mkono wake wa kulia ulikuwa mfukoni wakati wote, umefumbata kitu. Jirani yao Bridgit alileta uji, akatikisa kichwa.

"Mama Shivachi, huyu amekamatwa na mshtuko. Umpeleke aombewe."

Lakini Kageha alikuwa mtu wa hamira. Alimtazama mwanawe jinsi kifua kilivyopanda bila kushuka vizuri, jinsi mishipa ya shingo ilivyosimama, naye akajua. Kuna kitu kilikuwa kinaumuka ndani ya mtoto huyu, na mlango umezibwa kwa bolti na sabuni. Akajua pia ni kitu gani, maana alikuwa ameuliza na hakujibiwa. Usiku na mchana aliogopa mambo mawili. Aliogopa asiseme, apasuke. Aliogopa aseme, na watu wampasue.

Kwani huko Kawangware maneno yalikuwa yamekwisha kuota miguu. Watu walikuwa wakisema ni mkono wa mtu. Nani alipoteza wateja? Nani alikuwa akikaa ng'ambo ya barabara, mkono shavuni, anatazama? Ni Tonny. Tonny alikwenda kwa mganga. Tonny alichezea mashine ya watu. Neno lililoanza kama mnong'ono kwenye bomba la maji liliongezewa pumzi na kila mdomo uliolipokea, mpaka likawa kubwa kuliko waliolizaa.

Siku moja kabla ya mwili wa Oketch kusafirishwa kwao ziwani, watu walikusanyika Gatina, chini ya turubai lililolemewa na maji. Wanawake waliimba. Seline alikuwa ameketi kwenye mkeka, Aluoch amelala mapajani mwake, macho ya mama yamekauka kama kisima kilichochotwa mpaka mchanga. Kageha alikuja akimwongoza Shivachi kwa mkono, kama kipofu. Watu wakawapisha. Kijana akaletewa kiti. Waliomwita Presha sasa walimpa pole.

Ndipo Tonny akaingia. Alikuwa amebeba kifurushi cha sukari na majani chai kwa wafiwa, ameloa chapachapa.

"Nimekuja kutoa pole," alisema. "Oketch tulikuwa tunasalimiana kila asubuhi."

"Pole gani!" kijana mmoja aliruka. "Umemaliza mtu halafu unaleta majani?"

"Mimi sikugusa mashine yao, haki ya Mungu!"

"Shika huyo! Leo tunachoma hiyo kibanda, na mwenyewe ndani!"

Kabla wazee hawajainuka, Tonny alikuwa ameshikwa kola, amepigishwa magoti matopeni. Sukari ilimwagika. Mtu alikimbia kutafuta mafuta ya taa. Wimbo wa wanawake ulikatika.

Seline aliinua mkono. Hakupaza sauti, lakini wote wakanyamaza.

"Ngojeni. Kuna mtu mmoja alikuwa hapo." Akamgeukia kijana kwenye kiti. "Shivachi. Mume wangu alikuita mdogo wake. Niambie wewe. Ile mashine ilikuwa na nini?"

Macho ya Shivachi yalikwenda kwa Tonny, yakaenda kwa mama yake.

Hapo, wajukuu zangu, Kageha alisimama kwenye ncha ya kisu. Akinyamaza tu, mwanawe atarudi naye nyumbani akiwa hai. Hakuna aliyemshuku. Tonny alikuwa na mama yake pia, huko aliko, lakini kila mama huhesabu wake kwanza. Njiti moja ya kibiriti, na mvua pande zote. Kageha alimtazama yule kijana matopeni. Kisha akatazama kifua cha mwanawe, kilichokuwa kimejaa, kimejaa, hakina pa kwenda. Akakumbuka unga uliopita wakati wake, jinsi unavyoanguka wenyewe, na jinsi hauumuki tena hata uukande kwa machozi.

Akamwendea. Akapiga magoti mbele ya kiti, akamshika uso kwa viganja vyake vyenye makovu ya mafuta. Akamuuliza taratibu, kama alivyomuuliza ile Jumamosi ya kwanza:

"Mwanangu, ile mashine ilikuwa inapumulia wapi?"

Mvua ilipiga turubai. Kisha ule mkono wa kulia wa Shivachi ukatoka mfukoni polepole. Akainuka, akapita katikati ya watu, akamwinamia Seline, akamwekea kitu kiganjani. Ilikuwa ile valvu ndogo ya shaba, imeng'arishwa kwa jasho. Seline aliitazama. Aliijua. Mumewe alikuwa akiiga mlio wake nyumbani ili kumchekesha Aluoch.

Mikono iliyoshika kola ya Tonny ililegea. Wenyewe waligeuka kumtazama Shivachi, na nyuso zao hazikuwa za pole tena. Kageha alisimama kati yao na mwanawe, mwanamke mdogo mwenye leso iliyoloa, akatandaza mikono.

"Mwacheni amalize," alisema. "Mkitaka kupita, mtapita juu yangu. Lakini kwanza amalize."

Nao wakamwacha. Shivachi akavuta pumzi, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile akaitoa yote, ndefu, yenye mlio, mpaka mabega yakashuka.

"Haikuwa na pa kupumulia, mama," alisema kwa sauti iliyokwaruza kama mlango wa bati. "Palikuwapo, nikapaziba kwa mikono hii. Tonny hakufanya lolote. Oketch aliniuliza filimbi iko wapi, nami nikamdanganya, kwa kuwa nilitaka jina langu livume kuliko majina yote ya barabara ile. Likavuma. Shemeji, ngoma ikivuma sana, haikawii kupasuka."